Kasha la Zana
(Hotuba ya Katibu wa Chama, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi, Kisorya)



Katika orodha ya mambo ya leo jambo la saba limeandikwa kwa maneno matatu tu: "Kasha la zana". Twajua ya kuwa hesabu za pamba zimekwisha kusomwa, wageni wamekwisha kusema, na harufu ya pilau imekwisha kuingia humu ukumbini. Mtu akisimama saa kama hii na kuanza kunena habari za mbao na gundi, hapana budi wengine watazame mlango. Twawaomba subira. Nyuma ya maneno hayo matatu liko fungu la fedha zenu, na kabla ya jua kutua mtaombwa kuinua mikono: ama fungu hilo ligawanywe kwa wanachama, ama litumike kuvitengenezea vyama vya msingi vilivyosalia makasha kama lile mlilolipita pale mlangoni. Asiyejua kasha lile limejengwaje, na kwa nini limejengwa vile, hataweza kuyapima maneno ya upande wowote.

Jambo lenyewe lilianza shambani. Kila mmoja wetu ayajua majira ya kupanda pamba huku kwetu. Mvua zikishika, kati ya Novemba na Desemba, siku ni chache, na ng'ombe ni wale wale. Plau ikikatika bolti siku ya Jumatatu, mwenye plau huzunguka kijiji kizima akitafuta spana inayoingia. Spana ilikuwako; ilinunuliwa kwa fedha ya chama. Lakini iliazimwa msimu uliopita, aliyeiazima akamwazima shemeji yake, na shemeji yake amevuka kwa kivuko kwenda Rugezi, haijulikani atarudi lini. Kufika Alhamisi bolti imefungwa kwa waya, Ijumaa waya umekatika, na jirani aliyekuwa akingoja zamu yake ya kulimiwa amekwisha kukata tamaa na kulima robo eka kwa jembe la mkono. Mkulima huyo akichelewa kupanda wiki mbili, hasara yake haitaonekana katika kitabu chochote cha ofisi yetu. Itaonekana kwenye mizani, wakati wa kuuza.

Wazee wetu mliopo mwayakumbuka ya zamani. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Bwana Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliviunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria, likawa chombo chenye nguvu kilichosikika hata ng'ambo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua mlango wa kuvirudisha. Hatukusimama hapa kuyahukumu ya miaka hiyo. Twasema tu kwamba mali kubwa, kama kinu cha kuchambulia pamba, haiwezi kuondoka bila watu kuuliza. Mali ndogo ndiyo iondokayo kimya kimya: tupa, patasi, msumeno, spana. Nayo ikiondoka mara nyingi, mwanachama huanza kusema ya kuwa cha ushirika hakina mwenyewe. Neno hilo likizoeleka vinywani, chama kimekwisha kuugua.

Kwa sababu hiyo Bodi iliamua kwamba litengenezwe kasha moja la mfano, kabla ya kuomba fedha za makasha mengine.

Palizuka ubishi mara moja, nao ulikuwa ubishi mzuri. Wengine walisema, kwa nini mbao? Masanduku ya bati yapo tele madukani Bunda na Mwanza, bei yake ni nafuu, mchwa hawayawezi, na mtu mmoja aweza kujitwika kichwani. Hayo yote ni kweli. Lakini sisi twakaa kando ya ziwa. Usiku hewa ikipoa, bati nalo hupoa upesi, na unyevu ulio hewani hujikusanya juu yake matone matone, kama jasho la chupa ya soda iliyotoka katika barafu. Matone hayo huishia katika misumeno na patasi, na chuma kizuri kilichonunuliwa Januari huwa chekundu kabla ya Pasaka. Mbao hupoa polepole, tena hunywa unyevu kidogo na kuutoa tena. Haikomeshi kutu, ila huichelewesha sana, na mafuta yakipakwa mara kwa mara hufanya kazi iliyobaki. Kadhalika sanduku la bati likibonyea pembe moja, mfuniko haufungi tena sawasawa. Kasha la mbao likipata jeraha, hutengenezwa na mtu yule yule aliyelijenga. Hilo la mwisho ndilo lililoishawishi Bodi. Tena, na tuseme wazi, sanduku la bati la mtu mmoja aweza kujitwika ni sanduku ambalo mwizi mmoja naye aweza kujitwika.

Wala sisi si wa kwanza kufikiri hivyo. Pwani yetu, Unguja na Lamu, watu waliweka mali zao katika makasha ya msaji yenye njumu za shaba, mengine yakiletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, mengine yakijengwa na mafundi wa huko huko pwani. Hayo yalikuwa makasha ya nguo na vito, nayo yalipambwa ili yatazamwe. Kasha la fundi ni jamaa yake, ila halina pambo. Mwaka 1936 mkulima mmoja wa kisiwa cha Gotland, nchi ya Uswidi, alikuwa akilima katika bonde la Mästermyr ambalo zamani lilikuwa kinamasi, jembe lake likakwama katika kitu. Alichokitoa kilikuwa kasha la mti wa mwaloni, urefu wake kama sentimeta 90, pamoja na zana na vyombo zaidi ya 200, vya seremala na vya mhunzi. Wataalamu hulihesabia umri wa karibu miaka 1,000. Mbao zake zilishikana kwa ndimi zilizoingizwa katika matundu. Twapenda kufikiri ya kuwa mkulima yule, alipoinama kulitazama, alielewa mara moja ni kitu gani, kwa kuwa hata mkulima wa Kisorya angalielewa.

Mfano wa pili watupendeza zaidi sisi wa ofisini. Mwaka 1796 kijana mmoja wa Chatham, Uingereza, jina lake Benjamin Seaton, alinunuliwa na baba yake zana za useremala kutoka duka moja la London. Yeye akajenga kasha la kuzitia, tena pakawekwa orodha ya kila zana na bei yake. Kasha, zana na orodha vimo hata leo katika jumba la makumbusho la mji wa Rochester. Makasha mengi ya mafundi wa zama zile yamebaki bila zana, na zana nyingi zimebaki bila kasha. La Seaton limebaki zima, na pasipo ile orodha hakuna ambaye angejua kwa hakika ni nini kilichokuwamo.

Sasa tuje kwenye kasha letu. Ukilipima kwa nje, urefu wake ni futi 3 na inchi 2, upana inchi 22, na kimo cha ubavu inchi 19 bila mfuniko. Vipimo hivyo vina sababu. Msumeno wa mkono wa seremala una bapa la inchi 26, na pamoja na mpini wake wakaribia inchi 30. Sharti ulale bila kupindwa. Upana ni kiasi ambacho mtu wa kimo cha kadiri aweza kuufikia ubavu wa nyuma kwa mkono asiingize kichwa. Na kimo kimetolewa na mbao zenyewe: ubao wa dukani wa inchi 10, ukisha kurandwa na kunyooshwa, hubaki inchi 9 na nusu, mbao mbili za namna hiyo zikigundishwa ukingo kwa ukingo ni inchi 19 kamili. Ukitaka inchi 20 utanunua ubao wa tatu na kuutupa karibu wote.

Kugundisha ukingo kwa ukingo kwaonekana kazi ndogo, nako ndiko kuliko na siri nyingi. Fundi wetu, mtoto wa mwanachama mwenzetu aliyejifunza kazi katika chuo cha VETA cha Musoma, huzibana mbao mbili pamoja katika jiriwa kama kurasa za daftari lililofungwa, kisha huzipiga randa kingo zote mbili kwa wakati mmoja. Randa ikiinama kidogo kulia, ukingo mmoja utainama na wa pili utainama kinyume chake. Zikifunguliwa na kukutanishwa, kosa la huyu lajazwa na kosa la yule, na ubao watokea umenyooka. Halafu huzisimamisha moja juu ya nyingine na kuzitazama kuelekea dirishani. Mwanga ukipita, hurudia. Kwa kuwa hatukuwa na klampu ndefu, alizibana kwa kabari za mbao juu ya boriti, njia ambayo wajenzi wa mitumbwi waijua sana.

Mbavu mbili ndefu zilitengenezwa kwa mbao za inchi 10 na 10. Lakini vichwa viwili vya kasha alivitengeneza kwa ubao wa inchi 8 na wa inchi 12, ambazo zikirandwa hubaki inchi 7 na nusu na inchi 11 na nusu. Jumla ni ile ile 19. Mwanachama mmoja alimwuliza, kwa nini kujisumbua? Akajibu kwamba maungo ya gundi yakikutana yote kwa kimo kimoja kuzunguka kasha, siku gundi ikichoka kasha litapasuka kama kibuyu kilichokatwa mkanda. Yakipishana, meno ya pembeni huyashikilia hata gundi ikifa. Twakiri ya kuwa jambo hili halikupata kutupitia akilini.

Pembe ndizo zilizochukua siku nyingi. Zingeweza kupigwa misumari kwa saa moja, na kasha lingeonekana zuri siku ya kupigwa picha. Lakini msumari uliopigwa katika kichwa cha ubao, mahali nyuzi za mti zinapokatikia, haushiki sana. Kasha likibebwa limejaa chuma, kila siku hulegea kidogo. Kwa hiyo pembe zimefungwa kwa kiungo ambacho mafundi waliosomea hukiita mkia wa njiwa. Katika ncha ya ubao mmoja hukatwa mikia iliyo mipana nchani na myembamba shinani. Katika ubao wa pili hukatwa meno ya kuingia katika nafasi zilizo kati ya mikia hiyo. Vikisha kuingiana, ubao wenye mikia hauwezi kuvutwa nje kwa urefu wake, kwa kuwa upana wa ncha zake wazuiliwa na meno.

Sasa swali: mikia ikatwe katika ubao upi? Vishikio vya kasha vimo katika vichwa vyake, na watu wanaolibeba huvivuta vichwa kwenda nje. Basi mikia sharti iwe katika mbavu ndefu, ili mbavu zivishike vichwa visichomoke. Ukigeuza, umejenga kiungo kizuri kinachozuia kisichotokea na kuruhusu kinachotokea. Kila pembe ina mikia minane. Kwa pembe nne ni mikia thelathini na miwili, yote kwa msumeno wa mkono na patasi.

Mshazari wa mikia nao una kipimo. Kwa mbao laini kama msonobari, mafundi hushuka inchi 1 kwa kila inchi 6. Kwa mbao ngumu kama mninga, 1 kwa 8. Ukiinamisha mno, ncha za mkia huwa dhaifu na kuvunjika. Ukiinamisha kidogo mno, mkia huchomoka. Mikia hukatwa kwanza, kisha ubao wenyewe huwekwa juu ya ncha ya ubao wa pili, na umbo lake huchorwa kwa ncha ya kisu. Hapo hapana kupima kwa futi wala kwa hesabu: ubao mmoja ndio kipimo cha mwenzake. Msumeno hupita upande wa taka, yaani upande utakaotupwa, na mstari huachwa ukionekana. Patasi huingia nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande ule, kwa maana ukiipiga moja kwa moja, ubao hubanduka vipande upande wa pili.

Siku pembe zilipounganishwa mara ya kwanza bila gundi, alikuwapo mzee wetu mmoja ambaye amejenga mitumbwi ya mbao ufukoni hapa kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Alilizunguka kasha mara mbili bila kusema neno. Kisha akauliza misumari iko wapi. Alipoambiwa hakuna, aliomba vijana wawili wakisimamishe kichwa kimoja cha kasha chini, akapanda juu ya kichwa cha pili kwa miguu yote miwili, mtu mwenye miaka sabini na ushei, akajitikisa. Hakuna kilichosogea. Akashuka, akauomba msumeno, akautazama kwenye jua, akasema meno yake yamekwisha na yanolewe. Alirudi siku ya pili na vipande viwili vya mvule vilivyotoka katika mkuku wa mtumbwi wa zamani, akasema hivyo viwe magongo ya chini, kwa kuwa mchwa walikwisha kuvijaribu miaka yote wakavishindwa. Magongo hayo ndiyo mnayoyaona.

Tueleze kidogo habari ya mbao na maji, maana hapa ndipo makasha mengi huharibika. Ubao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukinywa, huongezeka upana, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Katika kasha letu nyuzi za mbao zote nne zazunguka kwa usawa, kama mkanda wa suruali. Mvua zikija, zote nne hupanda kimo pamoja, na kiangazi hushuka pamoja, hakuna inayomvuta mwenzake. Mbao za sakafu nazo zimelazwa kutoka mbele kwenda nyuma, kila moja ikiwa na ulimi unaoingia katika mfereji wa jirani yake, na kati yake pameachwa nafasi ndogo ya kupumulia. Sakafu hiyo imepigwa misumari kwa makusudi, kwa sababu ndiyo itakayooza kwanza. Siku ikioza, itang'olewa na kubadilishwa, na kasha halitaguswa.

Mfuniko ni fremu ya miti minne iliyofungwa kwa ndimi na matundu, na ubao wa katikati umo katika mfereji pasipo gundi, ili uongezeke na kupungua kwa hiari yake. Mkitengeneza mfuniko wa ubao mmoja mpana na kuupigilia vipande vya kuunyoosha, utapasuka katika mwaka wa kwanza. Twaona milango mingi ya namna hiyo. Chini, kuzunguka kasha, upo mkanda wa mbao wa kupokea mateke na majembe ya wafagiaji. Pembe za mkanda huo nazo zimekatwa mikia, ila fundi aliigeuza: mikia ya mkanda imo katika vichwa. Hivyo kasha lavutwa pande mbili na lashika pande zote mbili.

Ndani mna mabweta mawili yanayoteleza kutoka mbele kwenda nyuma juu ya vijiti vya mninga vilivyopakwa nta ya mshumaa. Upana wa kila moja haufiki nusu ya nafasi, ili mtu akilisukuma aone yaliyo chini bila kulitoa. La juu lina patasi, tupa na bisibisi. La pili lina keekee, spana za plau na bolti za akiba. Chini kabisa zimo randa, na misumeno imesimama katika nafasi zake ukutani mwa kasha. Nje limepakwa rangi, ndani halikupakwa chochote. Mnyororo wa kukokotea plau haumo wala hautakuwamo, wala mawe ya mizani. Vitu hivyo vina nguvu ya kuvunja sakafu, na tena vyajilinda vyenyewe kwa uzito wao.

Tunakuja kwenye makufuli, ambayo tunaamini ndiyo yatakayoulizwa sana. Makomeo ni mawili. Ufunguo mmoja hukaa kwa mtunza ghala wa chama cha msingi, na wa pili kwa mwanachama aliyechaguliwa na mkutano ambaye si kiongozi. Hakuna awezaye kufungua peke yake, hata Mwenyekiti, hata Katibu. Upande wa ndani wa mfuniko imebandikwa orodha ya kila zana, na mahali pa kila zana pamechorwa umbo lake. Patasi isipokuwapo, umbo lake tupu huonekana na kila anayefungua, asiyejua kusoma pia. Mwenye kuazima huandikwa jina, zana na siku, naye hurudisha kabla ya kuazima nyingine. Zana haziendi nje ya kata. Shemeji wa Ukerewe twampenda, lakini aje na plau yake hapa.

Kuna waliosema ya kuwa sheria hiyo ni kali mno kwa wanachama wanaoaminiana. Sisi twaona kinyume. Watu wakitazamana kwa mashaka juu ya spana moja, kesho watatazamana hivyo hivyo juu ya mizani, na siku hiyo pamba itauzwa njiani kwa mchuuzi. Kasha lenye funguo mbili humlinda mtunza ghala mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana kikipotea kitu, yeye si mtuhumiwa wa kwanza na wa mwisho.

Kuhusu mbao: kasha la mfano lilijengwa kwa msonobari, na vijiti na fremu ya mfuniko kwa mninga. Mninga ni mti bora, hautikisiki na majira, lakini hutoka mbali, upande wa Tabora na Katavi, na bei yake ni ya kutengenezea milango ya wakubwa. Msonobari twaupata karibu. Shamba la miti la Rubya lipo Ukerewe, ng'ambo tu ya maji, na mbao zake zaweza kuvuka kwa kivuko hadi hapa Kisorya. Sharti zivuke na hati halali za misitu; Bodi imekataa mbao zisizo na hati, hata zikiwa za bure, nasi tutaendelea kukataa. Tena mbao mbichi zisitumike. Zipangwe chini ya paa, vijiti vikiwekwa katikati ili hewa ipite, zikae miezi kadhaa. Twajua mwataka makasha kabla ya mvua zijazo. Mbao mbichi zitayapa kabla ya mvua, na mvua zitayachukua.

Kwa upande wa kazi, kasha la kwanza lilichukua siku kumi na tisa, na siku tatu kati ya hizo zilikuwa za kunoa na kutengeneza zana zenyewe. Fundi wetu asema la pili halitazidi siku kumi na nne. Yeye hataki kuyajenga yote peke yake. Ameomba kila chama cha msingi kilete kijana mmoja, awe wa kike au wa kiume, ashike msumeno tangu ubao wa kwanza hadi bawaba ya mwisho, kisha arudi na kasha kijijini kwake. Hili Bodi imelikubali kwa furaha. Kijana huyo ndiye atakayebadilisha sakafu miaka ijayo, na ndiye atakayechonga mpini wa jembe na kufunga bolti ya plau siku ya Jumatatu. Mwajua ya kuwa vijana wengi wenye mikono mizuri huondoka kwenda Mwanza kwa sababu huku hawana zana za kufanyia kazi. Hatuahidi ya kuwa kasha moja litawazuia wote. Huenda likamzuia mmoja au wawili.

Wale wanaotaka fungu ligawanywe wana hoja yao, nayo isidharauliwe. Mama mmoja alituambia wazi: "Mwanangu, mimi sina plau wala ng'ombe, kasha hilo litanifaa nini?" Tulimjibu ya kuwa zana zilizomo zatengeneza pia mlango, kitanda na dawati la shule. Hakuridhika sana, nasi hatuwezi kumlaumu. Kwa sababu yake Bodi imeongeza sharti moja katika pendekezo: siku moja kila wiki, mwanachama asiye na plau ndiye wa kwanza kuhudumiwa, na kazi yake itafanywa na kijana wa kasha kwa malipo ya vifaa tu. Mkiona sharti hilo halitoshi, semeni leo, kabla ya kura.

Kasha liko mlangoni, wazi. Mwenye funguo wote wawili wapo hapa, na wakati wa chakula watasimama kando yake. Twawaomba mlifungue, mvute mabweta, mlinyanyue kwa vishikio. Mwenye mashaka na pembe zake alipigepige kwa kiganja, na mzee wetu wa mitumbwi amesema yeye yuko tayari kupanda tena. Kura itapigwa saa tisa na nusu, na vyama vitakavyokubali vitaandika leo hii jina la kijana wake na mahali penye paa pa kukaushia mbao.